UZI: Mipangilio ya mionekano kabla ya kutoa DWG kwenye Revit na ArchiCAD

Section58_Plani, Nakuru

Wakuu, DWG (faili za michoro za AutoCAD) zinazozunguka kati ya wachoraji, wahandisi na masorovea kuanzia huku Nakuru hadi Kisumu zina kasoro zilezile. Dirisha la choo halipo, kuta za ndani zimepotea, leya (tabaka za mchoro) zimefika mia mbili, maandishi yamefunika chumba. Chanzo karibu kila mara ni kimoja. Revit ikitoa DWG ya plani inafuata mwonekano uliouteua: skeli yake, kiwango chake cha undani, awamu yake, kimo chake cha mkato (urefu kutoka sakafuni ambapo plani inakata jengo). Kilichofichwa hapo hakitoki. Kilichosahaulika kikiwa wazi kinatoka.

Ndiyo maana plani unayochoria kila siku usiitolee DWG. Inakili, uipe jina linaloanza na DWG_ ili nakala zote zikae pamoja kwenye orodha ya mradi, halafu uifunge kwa kiolezo cha mwonekano. Kama mpokeaji anataka vipimo na lebo, nakili pamoja na maandishi yake. Kama anataka kuta na gridi tu, nakili mwonekano mtupu.

Kwenye kiolezo mimi hufunga vitu hivi: skeli, undani, mtindo wa kuficha mistari ya nyuma, nidhamu ya mwonekano (discipline), kichujio cha awamu, upeo wa mwonekano, na kurasa zote za VV (dirisha la kuwasha na kuzima kategoria za vitu), pamoja na ukurasa wa modeli zilizounganishwa. Angalia visanduku vya upande wa kulia wa kiolezo. Kisanduku kisicho na tiki hakitawaliwi na kiolezo, kwa hiyo mtu akibadilisha skeli kwenye mwonekano mmoja hutajua hadi DWG ifunguliwe kwa mhandisi.

Skeli nayo msiichukulie kirahisi. Jengo lenyewe hutoka kwa ukubwa halisi, lakini maandishi ya milimita 2.5 kwenye mwonekano wa 1:100 yanatoka yakiwa na urefu wa 250 ndani ya DWG, na kwenye 1:50 yanatoka 125. Unene wa mistari ya modeli pia unafuata skeli: Revit ina kalamu 16, na kila kalamu ina unene wake kwa kila skeli iliyo kwenye jedwali. Plani mbili za jengo moja, moja 1:50 na nyingine 1:100, zitatoka na unene tofauti hata kama leya ni zilezile.

Mtindo uwe wa kuficha mistari ya nyuma. Mtindo wa waya hutoa hata mistari iliyo chini ya meza na nyuma ya ukuta.

Kondele_Draft, Kisumu

Asante mkuu. Swali la dirisha la choo: linaonekana kwenye elevesheni na kwenye jedwali la madirisha, kwenye plani ukuta umepita mzima. Nikipandisha kimo cha mkato cha plani yote, vitu vingine vinaharibika. Dirisha linaanzia 1500 na kichwa kiko 2100.

Section58_Plani, Nakuru

Kimo cha kawaida cha mkato ni 1200, na dirisha lako linaanza milimita 300 juu yake, kwa hiyo halikatwi. Usiguse upeo wa plani yote. Kwenye kichupo cha mionekano, mahali pa plani, kuna eneo la plani. Chora mstari uliofunga kuzunguka choo tu, uupe mkato wa 1800. Milango ya 2100 bado itakatwa vizuri ndani ya eneo hilo. Ukimaliza, zima kategoria ya maeneo ya plani kwenye ukurasa wa maandishi wa VV ili ule mpaka wa nukta usiingie kwenye DWG.

Jambo jingine la ukoo huohuo: ukuta usiofika mita 2 Revit haiukati kwenye plani, hata kama mkato unapita katikati yake. Ukuta wa ua wa 1500 utaonyeshwa kama kitu kinachotazamwa kutoka juu. Kwenye jedwali la leya kila kategoria ina safu mbili, moja ya vilivyokatwa na moja ya vinavyoonekana tu. Ukiweka leya au rangi tofauti kwenye safu hizo, ukuta wa ua utaingia kwenye leya nyembamba na mtu atadhani ni kosa la kuchora.

ChumaNaZege, Kakamega

Naongea upande wa sisi tunaopokea.

Kwanza nidhamu ya mwonekano. Watu wakisikia DWG inakwenda kwa mhandisi wanabadilisha nidhamu kuwa "Structural" wakidhani wanasaidia. Nidhamu hiyo inaficha kuta zote ambazo hazikutiwa alama ya kubeba uzito. Kwenye nyumba zetu za mawe, ukuta wa ndani wa milimita 150 mara nyingi haujatiwa alama hiyo, na unatoweka wote bila onyo lolote. Mhandisi anapanga mihimili kwenye ghorofa isiyo na kuta za ndani. Acha nidhamu ya usanifu au ya uratibu, kisha zima samani, vyombo vya choo, mimea na hachi (michoro ya kujaza) za sakafu kwa VV.

Pili undani. "Coarse", kiwango cha chini kabisa, inaonyesha nyuso mbili za nje za ukuta, na hiyo inafaa kwa sababu mistari ni michache. Lakini kama aina ya ukuta imejengwa kwa jiwe la 200 na plasta ya 15 kila upande, mistari miwili hiyo iko umbali wa 230. Mhandisi akipima anapata 230, anaweka mhimili wa 230, na saiti jiwe ni 200. Sababu ni kwamba Coarse haijui tofauti ya jiwe na plasta, inachora ganda la nje tu. Ama utoe kwa "Medium" ili mistari ya jiwe ionekane ndani ya plasta, ama katika hatua ya kupeana na mhandisi utumie aina ya ukuta isiyo na plasta. Na vipimo vya plani hiyo vipigwe kwenye uso wa jiwe.

Kwa chuma kumbuka Coarse inakupa mstari mmoja kwa kila mhimili. Medium inakupa umbo, Fine inaongeza mviringo wa kona za ndani. Kwa paa la trasi za chuma, Fine inaongeza uzito wa faili bila faida.

Zana_Archi, Eldoret

Kwenye ArchiCAD tatizo la plasta lina swichi yake. Mipangilio ya mwonekano ina onyesho la sehemu za muundo: modeli yote, bila tabaka za nje, kiini tu, au kiini cha vinavyobeba uzito tu. Ukichagua kiini tu, ukuta wa 230 unachorwa 200 papo hapo, modeli haijaguswa. Ila ile chaguo ya nne iangalieni, ina mtego uleule wa kuta za ndani aliotaja ChumaNaZege.

Kanuni ya ArchiCAD ni kutoa kutoka mwonekano uliohifadhiwa kwenye ramani ya mionekano, kupitia mchapishaji. Ukihifadhi DWG kutoka dirisha uliloko, unatoa chochote kilichowashwa dakika hiyo. Mwonekano uliohifadhiwa unabeba mchanganyiko wa leya, skeli, onyesho la muundo, seti ya kalamu, chaguo za modeli, sheria za kubadilisha michoro na kichujio cha ukarabati. Seti ya kalamu ndiyo inayosahaulika zaidi. Kitafsiri cha DWG kinageuza kalamu kuwa rangi, kwa hiyo ukihifadhi mwonekano na seti ya rangi ya kuwasilishia kwa mteja, DWG inatoka na rangi hizo.

Kondele_Draft, Kisumu

Turudi kwenye leya. Kwenye mipangilio ya kutoa mimi hutumia chaguo la tatu, lile la kutengeneza leya mpya kwa kila badiliko la VV. Hakuna kinachopotea.

ChumaNaZege, Kakamega

Hakuna kinachopotea, lakini mpokeaji anapata leya asizozijua kwa kila ukuta uliopakwa rangi. Nikifunga A-WALL, leya ya kuta, nusu ya kuta zinabaki zimewaka. Tafadhali kwa mhandisi tumia lile la pili: kila kitu kiwe BYLAYER, yaani kifuate rangi na mstari wa leya yake, na mabadiliko ya VV yasitoke kabisa. Nitapaka rangi mwenyewe.

Section58_Plani, Nakuru

Wote wawili mko sawa, inategemea DWG inakwenda wapi. Tuyaweke wazi machaguo matatu yaliyo kwenye ukurasa wa leya wa mipangilio ya kutoa.

La kwanza linaweka kategoria BYLAYER na mabadiliko BYENTITY. Picha inafanana na mwonekano wako, lakini kila mstari uliobadilishwa umebeba rangi yake mwenyewe, na mpokeaji akibadilisha rangi ya leya mstari huo hautii. Dawa upande wa AutoCAD ni amri SETBYLAYER.

La pili linatupa mabadiliko. Safi kabisa kwa mhandisi wa miundo, wa umeme na wa mabomba. Hatari yake ni kwamba kama umetofautisha kuta za kuzuia moto kwa kichujio cha rangi nyekundu, tofauti hiyo inafutika, zinatoka sawa na kuta zote.

La tatu ni la Kondele_Draft. Linafaa pale tofauti za VV zina maana ambayo mpokeaji lazima aione, na vichujio ni vichache. Kwa ukarabati kuna njia bora kuliko hilo: kwenye jedwali la leya ongeza kirekebishi cha hali ya awamu kwa kuta, milango na madirisha. Leya zitatoka zimegawanyika kati ya kilichopo, kinachobomolewa na kipya, na majina yatabaki ya mpangilio. Kabla ya hapo hakikisha kichujio cha awamu cha mwonekano kinaonyesha vyote vitatu, la sivyo kirekebishi hakina cha kugawa.

Rangi ziwe zile za namba, 255. Ofisi nyingi za hapa huchapisha kwa jedwali la CTB (linalotoa unene wa kalamu kwa namba ya rangi), na rangi za RGB hazifuati jedwali hilo. Majina ya leya Revit inakuja na mipangilio ya AIA, ISO 13567, BS1192 na CP83 ya Singapore. AIA ndiyo inayoeleweka kwa wengi: A-WALL, A-DOOR, A-GLAZ, A-FURN, S-GRID, S-COLS. Chagua moja, irekebishe, ihifadhi kama seti ya mipangilio yenye jina, kisha ihamishie miradi mingine kwa njia ya kuhamisha viwango vya mradi. Usianze upya kila nyumba.

Leya mia mbili mara nyingi zinatoka kwenye DWG za zamani zilizoingizwa na kulipuliwa ndani ya mradi au ndani ya famili (kifaa kilichochorwa tayari, kama mlango au sinki). Leya zake zinageuka kategoria ndogo na zinatoka tena. Famili ya sinki iliyochukuliwa mtandaoni inaweza kuleta ishirini peke yake.

BondeNaPlani, Njoro

Mistari ya nukta ya gridi na ya paa juu ya plani inatoka kama mstari mzima. Kosa liko kwenye mwonekano au kwenye AutoCAD?

Section58_Plani, Nakuru

Liko kwenye ukurasa wa mistari wa mipangilio ya kutoa. Kuna njia tatu. Ya kwanza inatoa aina za mistari zikiwa zimeshakuzwa kwa skeli ya mwonekano. Ya pili ni ya nafasi ya modeli: LTSCALE (ukubwa wa nukta za mistari) inachukua skeli ya mwonekano na PSLTSCALE (swichi ya ukubwa huo kwenye nafasi ya karatasi) inakuwa 0. Ya tatu ni ya nafasi ya karatasi, PSLTSCALE 1 na LTSCALE 1. Mpokeaji akichora ndani ya modeli huku wewe umetoa kwa njia ya tatu, nukta zinakuwa ndogo kiasi cha kuonekana mstari mzima. Kwa plani inayotolewa peke yake tumia ya pili. Kwa faili iliyokwisha kutoka, andika LTSCALE 100 kama plani ni 1:100, kisha REGEN.

Sorovea_wa_Nyalenda, Kisumu

Naomba jambo moja kutoka kwa wachoraji. Mkinitumia DWG ya kupanga jengo kwenye ploti, msinitumie shiti. Nitumieni plani ya saiti yenyewe, kwa mfumo wa "Shared" (koordineti za pamoja), kipimo kikiwa mita.

Sababu ni hii. Koordineti za UTM, gridi ya ramani inayogawa dunia kwa kanda, ni namba kubwa. Katikati ya Kisumu mashariki ni karibu 694,700 na kaskazini karibu 9,989,000. Ukitoa kwa milimita, kaskazini inakuwa bilioni 9.989, na faili zangu zote za upimaji ziko kwa mita.

Na msilete namba hizo moja kwa moja kwenye asili (nukta ya sifuri) ya Revit. Ukiunganisha faili yangu asili kwa asili, Revit inalalamika kwamba jiometri imezidi kilomita 33, na ukiendelea kuchora huko mbali mistari inatetemeka na hachi zinapasuka. Unganisha faili ya sorovea kwa kuiweka katikati, kipimo cha mita ukichague kwa mkono, sogeza na uizungushe ikae chini ya jengo, kisha chukua koordineti kutoka kwenye faili hiyo. Jengo linabaki karibu na asili, na namba halisi zinaingia kwenye mfumo wa pamoja.

Thibitisheni pia kanda. Kisumu iko kanda ya 36 kusini. Mji wa Nakuru uko mashariki kidogo ya nyuzi 36, kwa hiyo uko kanda ya 37 kusini, lakini Njoro na Molo ziko magharibi ya nyuzi 36 na zinarudi kanda ya 36. Ikweta nayo inapita Maseno. Kakamega, Bungoma na Eldoret ziko kaskazini yake. Kakamega ukipata kaskazini ya karibu 31,000, hiyo ni kanda ya 36 kaskazini. Ukipata zaidi ya 10,000,000, sorovea ameendeleza kanda ya kusini kuvuka ikweta. Hakuna kosa, mradi nyote wawili mnatumia hiyohiyo. Msingi wetu wa kawaida wa koordineti (datum) ni Arc 1960, na karatasi za kale ziko kwa mfumo wa ramani wa Cassini. Hizo msizioanishe kwa kukisia, mwachieni sorovea azigeuze.

ChumaNaZege, Kakamega

Na kwa mhandisi iwe kinyume. Shared inazungusha DWG kufuata kaskazini halisi, na jengo lililolala kwa nyuzi 23 linanifikia limeinama. Mimi nataka mfumo wa ndani wa mradi, gridi zikiwa zimenyooka, kipimo milimita. Tengenezeni seti mbili za mipangilio: moja ya sorovea, Shared kwa mita, na moja ya mhandisi, ya ndani kwa milimita.

Kondele_Draft, Kisumu

Nimeelewa. Swali la haraka: shiti nikiituma inafunguka tupu kwa mwenzangu, fremu na jina tu.

Zana_Archi, Eldoret

Una tiki kwenye kutoa mionekano ya shiti na viungo kama xref (faili za nje zinazorejewa). Hapo shiti ni faili moja na kila mwonekano ni faili yake. Ukituma ya shiti peke yake, haina cha kuonyesha. Ondoa tiki upate faili moja, au tuma folda yote bila kubadilisha majina. Ile faili ndogo ya PCP inayotoka pembeni haihitajiki na mpokeaji, iache.

Viungo navyo viangalieni kwenye VV. Modeli ya mabomba iliyounganishwa inaweza kuonyeshwa kwa mipangilio ya mwonekano wako au kwa mwonekano wake yenyewe. Ikiwa kwa mwonekano wake, VV yako haizimi kitu ndani yake, na mabomba yote yatatoka kwenye DWG ya kuta.

BondeNaPlani, Njoro

Seksheni moja ya nyumba ya ghorofa mbili imefika megabaiti 40. Shida nini?

Section58_Plani, Nakuru

Umbali wa kukata nyuma haujawekwa. Seksheni isiyo na mwisho inachukua kila kitu kilicho mbele ya macho hadi ukuta wa mwisho wa nyumba, na ikiwa kuna miti na magari ya maonyesho nyuma, nayo yanavunjwa kuwa mistari. Weka mkato wa nyuma bila mstari, umbali wa 3000 au hadi mwisho wa chumba kinachofuata. Zima mimea na watu. Kwa elevesheni zima hachi ya vigae vya paa kama mpokeaji haihitaji. Kwa plani zima hachi ya sakafu: vigae vya 300 kwa 300 kwenye ukumbi mzima ni mistari ambayo hakuna anayeitumia.

Kwenye ukurasa wa jumla wa mipangilio ya kutoa tia tiki kuficha masanduku ya upeo, nyuso za rejea na alama za mionekano isiyorejewa. Fremu ya mwonekano ikiwashwa, vilivyo nje yake kabisa havitoki, lakini angalia fremu ya pili, ya maandishi: lebo inayogusa mpaka wake hufichwa yote, haikatwi nusu. Lebo za vyumba zikipotea pembezoni mwa plani, vuta fremu hiyo nje.

ChumaNaZege, Kakamega

Ongezeni na toleo la faili. Fomati ya 2018 haifunguki kwenye AutoCAD ya zamani kuliko 2018. Ya 2013 inasomeka kuanzia 2013 na kuendelea, ya 2010 inashuka hadi 2010. Mhandisi asiyejibu ni toleo gani anatumia, mpe 2010. Aliyekwama na faili mpya anaweza kuishusha kwa DWG TrueView, ambayo ni ya bure.

Kondele_Draft, Kisumu

Kabla ya kutuma, mnakagua nini?

Section58_Plani, Nakuru

Dakika tano zinatosha. Fungua DWG, pima umbali wa gridi mbili unazozijua kwa DIST; kama gridi ni mita 4, kwa milimita lazima usome 4000. Andika INSUNITS: 4 ni milimita, 6 ni mita. Pitia leya moja moja kwa LAYWALK. Hapo ndipo utaona mlango uliokaa kwenye leya ya samani. Hesabu madirisha ya vyoo dhidi ya jedwali. Kwa faili ya sorovea, andika ID kisha bofya bikoni (alama ya mpaka wa ploti), ulinganishe namba na zake. Mwisho AUDIT (kukagua makosa), kisha PURGE (kuondoa visivyotumika). OVERKILL, ya kufuta mistari iliyorudiwa, itumie kwenye nakala tu, kwa sababu inaweza kuunganisha mistari ambayo mpokeaji aliihitaji ikiwa mbali mbali.

Kosa likionekana hapo, lirekebishe kwenye mwonekano au kiolezo ndani ya Revit na utoe tena. Ukilirekebisha ndani ya DWG, litarudi kwenye toleo linalofuata.

BondeNaPlani, Njoro

Moja la mwisho. Nikificha vitu kwa muda, ule mpaka wa samawati ukiwa umewaka, vinatoka au havitoki?

Section58_Plani, Nakuru

Usitegemee uficho wa muda. Uondoe kabla ya kutoa. Unachotaka kifichwe kiingize kwenye VV ya kiolezo, au kwa kichujio kama ni baadhi ya vitu vya kategoria moja, halafu ihifadhi mionekano yote ya DWG_ kama seti yenye jina kwenye dirisha la kutoa. Wiki ijayo mhandisi akiomba tena, unachagua seti hiyo na mipangilio yake, na plani zote zinatoka kama zilivyotoka mara ya kwanza.